Chumba cha Kulala Si Ghala

Wasomaji wetu wa nyanda za juu hawahitaji kusimuliwa habari za baridi ya Juni na Julai. Tunduma, Vwawa na vijiji vingi vya Mbozi vimekaa juu zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa miezi hiyo haumpendelei mgeni wala mwenyeji. Jua likishakuchwa milango hufungwa, na matundu ya hewa huzibwa kwa matambara na vipande vya mifuko. Basi ni katika miezi hiyo hiyo ndipo mahindi huvunwa. Magunia yaingia nyumbani wakati ule ule hewa inapozuiwa isiingie, na jiko la mkaa, ambalo mchana lilikuwa barazani, nalo laingizwa ndani ili watoto waote moto. Magunia, dirisha lililozibwa na jiko, kila kimoja peke yake ni kitu cha kawaida wala hakimshangazi mtu. Vikikutana usiku katika chumba kimoja chenye watu waliolala, yaweza kutoka humo maiti bila ya jeraha wala damu.

Tumeona yafaa kulisema jambo hili kwa urefu, kwa sababu mazungumzo ya hewa chafu siku hizi huwa ni ya moshi wa malori. Na kweli malori yako. Tunduma ni lango la kwenda Zambia na nchi zilizo mbele yake. Barabara kuu yapita hapo, reli ya TAZARA yapita hapo, na foleni ya magari ya mizigo ielekeayo Nakonde ni jambo lijulikanalo na kila msafiri. Lakini lori liko nje, na nje kuna upepo. Hewa ya chumbani haina pa kwenda. Shirika la Afya Ulimwenguni lakadiria ya kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 walikufa duniani kwa sababu ya hewa chafu ya majumbani, na ya kwamba zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Sehemu kubwa ya hesabu hiyo ni moshi wa kupikia, ambao huua polepole. Sisi leo twataka kusema zaidi juu ya vitu ambavyo mtu huvinunua dukani kwa fedha yake, akavileta nyumbani kwa nia njema, navyo havingoji miaka.

Tuanze na dawa ya mahindi, kwa kuwa Songwe ni nchi ya mahindi.

Mkoa huu, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016 na ambao kwa sensa ya 2022 una watu zaidi ya milioni 1.3, huishi kwa jembe. Mbozi ina kahawa yake, lakini chakula na ada za shule za nyumba nyingi ni magunia. Zamani kila boma lilikuwa na kihenge chake nje, kimeinuliwa juu ya miguu ya miti, na upepo ukipita chini yake. Mahindi hayakulala na watu. Vihenge hivyo vimepungua sana. Sababu ya kwanza ni wezi: gunia lililoko nje halina mwenyewe. Sababu ya pili ni mji. Aliyepanga chumba kimoja au viwili Tunduma au Mlowo hana ua wala uwanja wa kujenga kihenge, na mfanyabiashara mdogo aliyenunua magunia kumi akingojea bei ipande hana mahali pa kuyaweka isipokuwa pale anapolala. Hatumcheki mtu huyo. Mali yake yote imo katika magunia yale, na mtu hulala karibu na mali yake.

Sababu ya tatu ina mabawa. Fukusi ni mdudu wa zamani, na wazee wetu walimjua wakamzoea kwa majivu na moshi. Lakini mwanzoni mwa miaka ya 1980 alionekana katika Mkoa wa Tabora mdudu mgeni aliyetoka Amerika ya Kati, ambaye sasa tunamwita dumuzi. Mdudu huyu hageuki kwa majivu. Katika nyumba za wakulima wa magharibi ya nchi yetu alikutwa akiharibu hadi theluthi ya mahindi kwa miezi michache tu, akiacha vumbi ndani ya gunia mahali pa chakula. Tangu Tabora ameenea nchi nzima na kuvuka mipaka. Mkulima aliyekwisha kulifungua gunia lake Desemba akalikuta ni unga usiofaa kuliwa hahitaji kushawishiwa kununua dawa.

Dawa ziko namna mbili, na ni lazima watu wa nyumbani wazitenganishe. Iko dawa ya unga, ambayo huchanganywa na nafaka kwa kipimo kilichoandikwa. Hiyo nayo ni sumu, na vumbi lake halifai kuvutwa wala kushikwa kwa mikono mitupu, lakini siyo ambayo imetufanya tushike kalamu. Namna ya pili ni vidonge. Ni vidogo, vya rangi ya kijivu, huja katika kopo au mrija uliofungwa barabara, na jina la kitu kilichomo ni aluminiamu fosfaidi. Kidonge hiki hakiui wadudu kwa kuguswa. Kikitoka koponi na kupata unyevu ulio katika hewa, huanza kutoa hewa ya sumu iitwayo fosfini, na hewa hiyo ndiyo ipenyayo ndani ya kila punje na kumfuata mdudu alikojificha. Kwa kazi yake ni dawa nzuri mno. Maghala makubwa huitumia, lakini jinsi wanavyoitumia ni hivi: magunia hufunikwa kwa turubai zisizopitisha hewa, watu hutoka, mlango hufungwa na kuwekwa alama ya hatari, na hakuna aingiaye mpaka siku zimetimia na hewa imepimwa. Wafanyao kazi hiyo wamefunzwa na huvaa vifuniko vya uso vya kuchujia sumu. Kitambaa kilichofungwa puani hakichuji kitu.

Sasa tufanye hisabu ndogo, na vijana wetu wanaosoma shule za sekondari waweza kuihakikisha wenyewe. Kidonge kimoja cha gramu 3 hutoa gramu 1 ya fosfini. Tuchukue chumba cha mita 3 kwa mita 3, chenye kimo cha mita 2 na nusu, ambacho ni chumba cha kawaida cha kupanga. Gramu ile moja ikitoka yote na kuenea humo, katika kila sehemu milioni za hewa ya chumba zitakuwamo sehemu 30 hivi za fosfini. Kiwango ambacho mfanyakazi mzima mwenye afya huruhusiwa kukivuta katika saa zake nane za kazi, kwa kanuni za nchi nyingi, ni sehemu 0.3. Basi kidonge kimoja kimezidi kiwango hicho mara mia. Zikifika sehemu 50, wataalamu huhesabu kuwa uhai wa mtu umo hatarini papo hapo. Na mwenye magunia kumi aliyetia vidonge viwili katika kila gunia ameweka chumbani gramu 20, zaweza kufanya sehemu 600. Ni kweli kwamba hewa hiyo haitoki yote kwa mara moja, na ya kwamba nyingine hupotea katika nyufa za mlango. Lakini tumesema hapo mwanzo nyufa zimezibwa kwa ajili ya baridi.

Tena baridi yenyewe huongeza jambo. Kidonge hufanya kazi kwa unyevu na joto. Katika nchi ya joto humaliza kazi yake mapema. Penye baridi huchukua siku nyingi zaidi. Mtu wa Mbozi aliyesikia kutoka kwa ndugu yake wa bondeni kwamba siku tatu zatosha, akarudisha watoto chumbani siku ya nne, huenda akawarudisha wakati kidonge kingali chatoa hewa yake.

Hewa ya fosfini ni nzito kidogo kuliko hewa ya kawaida, nayo huelekea kukaa chini. Ndugu zetu wa Goma, mashariki ya Kongo, wanayo maarifa ya jambo la namna hii. Kule karibu na milima ya moto hutoka ardhini hewa nzito wanayoiita mazuku. Hujikusanya katika mabonde madogo usiku, na mbuzi au mtoto ashukaye humo hufa ilhali mtu mrefu aliyesimama kando huweza kupona. Mazuku ni kabonidayoksaidi, siyo fosfini, na uzito wake ni mkubwa zaidi. Tumeitaja ili msomaji apate picha ya hatari ya mahali pa chini. Katika chumba chetu, aliye chini ni nani? Baba na mama wako juu ya kitanda, watoto wako mkekani, na mara nyingine godoro lao limeegemezwa kwenye magunia yenyewe.

Watu husema, tutaijua kwa harufu. Fosfini iliyotoka katika vidonge hivi kwa kawaida hunuka kama vitunguu saumu, au kama samaki aliyeoza. Lakini harufu hiyo si ya fosfini yenyewe bali ni ya vitu vingine vilivyochanganyika nayo, na nafaka yaweza kuzinyonya harufu hizo ikaiacha sumu bila ya kunuka. Basi ukiinusa, toka. Usipoinusa, usijidai kuwa umesalimika. Hapa tuna neno kwa mabibi, kwa kuwa twajua desturi ya nyumba zetu: nyumba ikinuka vibaya hufukizwa udi na ubani. Katika nyumba iliyotiwa vidonge jambo hilo ni baya kuliko kutofanya lolote, kwani ile harufu mbaya ndiyo mlinzi pekee aliyebaki, nasi twamfunga mdomo. Na hata siku nyingine ambazo hakuna vidonge, moshi wa ubani ni moshi. Hatusemi uachwe, twasema dirisha liwe wazi.

Dalili zake ndizo zinazowadanganya wengi. Mtu huumwa kichwa, hupata kichefuchefu, hutapika, hubanwa kifua na kukohoa, huhisi uchovu usio na sababu. Nyumbani husemwa ni malaria, au ni chakula kilicholala. Mgonjwa hurudishwa kitandani apumzike, yaani hurudishwa katika sumu. Ikiwa watu wawili au watatu wa chumba kimoja wameumwa namna hiyo kwa usiku mmoja, na humo mna dawa ya mahindi au palikuwa na jiko, msitafute mbu. Tokeni wote nje kwanza. Kwa fosfini hakuna dawa ya kuivunja nguvu ndani ya mwili. Daktari humsaidia mgonjwa kwa kuusaidia moyo na pumzi yake, na kila nusu saa ina thamani. Maziwa, ambayo wengi huyakimbilia, hayana kazi kwa sumu iliyoingia kwa pumzi. Lichukueni kopo la dawa au karatasi yake mwende nayo hospitali, ili mganga ajue anapigana na nini.

Na asithubutu mtu kuviosha vidonge kwa maji. Mwezi wa Januari 2017, katika mji wa Amarillo, jimbo la Texas huko Marekani, dawa ya namna hii ilikuwa imewekwa chini ya nyumba ili kuua wadudu. Mtu wa nyumba ile, akitaka kuiondoa, akaimwagia maji. Maji ndiyo yaliyoiamsha. Watoto wanne wa nyumba moja walikufa. Wale walikuwa katika nchi yenye magari ya wagonjwa na hospitali kubwa kubwa.

Liko jambo jingine ambalo limetushughulisha zaidi ya yote, nalo ni la jirani. Katika miji ya Falme za Kiarabu watoto wamekufa katika fleti ambazo hazikuwekwa kidonge hata kimoja. Kidonge kiliwekwa fleti ya pili, na mtu aliyetaka kuua kunguni kisha akatoka kwenda zake, na hewa ikapita katika mianya ya ukuta na mabomba. Sasa tazameni nyumba zetu za kupanga za Tunduma: vyumba sita au vinane chini ya paa moja la bati, hazina dari, na kuta za vyumba haziziki juu kwenye bati, mtu akikohoa chumba cha kwanza husikiwa chumba cha mwisho. Ipitapo sauti, hewa yapita. Mpangaji atiaye vidonge chumbani mwake na kwenda kulala kwa dada yake amewaachia jirani zake sumu, na huenda hata hakuwaambia. Haki ya jirani katika dini yetu ni kubwa mno, nasi twazijua hotuba zake. Lakini hotuba hizo mara nyingi ni za mchuzi na salamu. Mwenye nyumba apokeaye kodi yapasa aweke sharti kwamba hapana vidonge katika nyumba yake, kama awekavyo sharti la taa na maji.

Kisheria dawa hizi haziuzwi kama pipi. Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020 na kuchukua kazi za taasisi ya zamani ya viuatilifu ya Arusha, ndiyo isajiliyo dawa na kuwapa ruhusa wauzaji. Lakini mji wa mpakani una njia zake. Bidhaa huvuka Nakonde kuja Tunduma na hutoka Tunduma kwenda Nakonde, na kopo laweza kufika sokoni likiwa na maandishi ambayo muuzaji mwenyewe hawezi kuyasoma. Kidonge kimoja kimoja kilichofungwa katika kipande cha gazeti hakina jina, hakina kipimo, hakina onyo. Na kwa kuwa kopo limekwisha kufunguliwa, kidonge kimeanza kazi yake tangu mkononi mwa muuzaji, mfukoni mwa mnunuzi, na ndani ya basi alilopanda kurudi kijijini. Kinunuliwacho kwa namna hiyo kiachwe huko huko sokoni.

Tutaulizwa, je, mahindi yaliwe na dumuzi? La. Iko njia, wala si ngeni. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, wakifanya kazi na wakulima wa kunde nchini Cameroon mwishoni mwa miaka ya 1980, walibuni mfuko wa tabaka tatu: mifuko miwili ya plastiki nzito ndani, na gunia la kawaida nje. Mahindi yaliyokaushwa vizuri hutiwa humo, hewa husukumwa itoke, na kila tabaka hufungwa peke yake kwa nguvu. Wadudu waliomo hupumua mpaka hewa kidogo iliyobaki inawaishia, nao huacha kula, huacha kuzaa, hufa. Hapana dawa hata chembe. Mifuko hii yapatikana nchini kwetu, wengine huiita mifuko ya PICS na wengine kinga njaa. Ni ghali kuliko gunia la kawaida, hilo hatulifichi, lakini hutumika zaidi ya msimu mmoja ikiwa haikutobolewa na panya. Sharti lake ni kukausha. Mahindi mabichi yakifungwa humo huota ukungu, na ukungu nao una sumu yake. Njia ya zamani ya mkulima ni kutia chumvi kavu na punje katika chupa kavu na kutikisa. Chumvi ikishikamana na chupa, mahindi hayajakauka.

Tuje kwenye mkaa. Hapa hatutasema mengi, si kwa kuwa ni jambo dogo bali kwa kuwa kila msimu wa baridi habari zake husikika, na bado twalala nao. Watu wengi wanaamini kwamba mkaa ukishawaka wote ukawa mwekundu, moshi ukakoma, basi umekuwa salama kuingizwa chumbani. Imani hiyo ndiyo inayoua. Moshi huonekana na huwasha macho, mtu akaukimbia. Lakini kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, wala haiwashi, nayo hutoka kwa wingi katika kaa jekundu lisilo na moshi. Ikiingia mapafuni huishika damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, na damu hiyo huzunguka mwilini bila ya kubeba uhai. Aliyelala hahisi kukabwa. Huzidi kulala. Beseni la maji liwekwalo kando ya jiko, kama wafanyavyo wengine, haliinyonyi hewa hiyo. Mwandishi mashuhuri wa Ufaransa, Émile Zola, alikufa chumbani mwake Paris mwezi wa Septemba 1902 kwa sababu bomba la moshi la moto wake lilikuwa limeziba, na yeye alikuwa tajiri mwenye nyumba nzuri.

Waislamu hawana udhuru wa kusema hawakuambiwa. Katika hadithi walizozipokea Bukhari na Muslim limo agizo la Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba moto usiachwe ukiwaka nyumbani watu waendapo kulala, na agizo hilo lilitolewa baada ya nyumba moja ya Madina kuungua usiku pamoja na watu wake. Pengine mtu atasema lile lilikuwa ni la kuungua, na jiko letu la udongo haliunguzi. Moto wa mkaa ni moto. Watoto waote jioni mlango ukiwa wazi, kisha jiko litoke nje kabla ya mtu wa kwanza kusinzia, na blanketi la pili linunuliwe. Serikali yetu ilizindua mwezi wa Mei 2024 mkakati wake wa nishati safi ya kupikia, na shabaha yake ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wameacha kuni na mkaa katika kupika. Ni shabaha njema. Lakini mtungi wa gesi hupika tu. Hakuna katika nyanda za juu autumiaye kuota, na kwa hiyo mkaa utabaki mlangoni mwa chumba cha kulala hata jikoni ukishaondoka.

Katika usafi wa nyumba liko kosa moja linalotendeka kwa nia nzuri kabisa. Bibi wa nyumba anataka choo king'ae kwa ajili ya wageni wa Idi. Anayo ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ambayo watu wote huiita jiki, na anayo dawa ya chooni yenye tindikali. Huona kwamba mbili zitasafisha kuliko moja, akazimimina pamoja. Hapo hapo hutoka klorini, hewa ile ile ambayo majeshi ya Ujerumani yaliifungulia upepo huko Ypres, nchini Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, ikaua askari katika mahandaki yao. Choo ni kidogo, kidirisha ni cha kiganja, na mwanamke ameinama. Hata jiki peke yake ikimwagwa mahali penye mkojo mwingi uliokaa hutoa hewa iwashayo mapafu. Dawa moja kwa siku moja, maji mengi baada yake, na mlango wazi. Tohara ya choo ni maji. Weupe wake ni jambo la macho tu.

Kule chini, Kamsamba na bonde la Rukwa, shida si baridi ni mbu, na chumbani huwashwa dawa ya mbu ya kuzunguka. Uchunguzi uliotangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba moshi wa kizunguko kimoja huwa na vumbi laini sawa na la sigara 75 mpaka 137. Baba asiyevuta sigara maisha yake yote huyavuta hayo, na mtoto wake pia. Chandarua hakitoi moshi.

Imebaki zebaki. Katika Wilaya ya Songwe, pande za Mkwajuni na Saza, ambako ni sehemu ya machimbo ya zamani ya Lupa, wachimbaji wadogo hukamata vumbi la dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma donge lile ili zebaki itoke na dhahabu ibaki. Kwa kuogopa wezi na macho ya watu, wengine huichoma jikoni, juu ya kaa lile lile litakalopikiwa ugali. Mvuke wa zebaki hauonekani. Hushika kuta, nguo na sufuria, na hurudi hewani kila chumba kinapopata joto. Huharibu fahamu, hutetemesha mikono, na humwingilia mtoto aliye tumboni kabla hajazaliwa. Mataifa yamekubaliana kuipunguza katika Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika 2017, na vyombo vya kuikamata mvuke huo wakati wa kuchoma vimekwisha buniwa na si vya gharama kubwa. Lakini hata asiye na chombo hicho anao uwanja. Dhahabu iliyochomwa nje, mbali na nyumba, haipungui uzito.

Neno letu la mwisho ni juu ya nani aambiwe. Katika nyumba nyingi mume ndiye anunuaye dawa na ndiye atiaye vidonge, na mke hujua tu kwamba mahindi yametiwa dawa. Hajui ni ya namna gani, wala ilitiwa lini, naye ndiye afunguaye gunia la kwanza, apepetaye, na alazaye watoto. Gunia lililotiwa chochote liandikwe kwa kaa au kwa wino, juu ya kitambaa chake, jina la dawa na tarehe yake, kwa herufi kubwa ambazo mtoto wa darasa la tatu aweza kuzisoma. Na ikiwa kilichotiwa ni kidonge, gunia hilo lisivuke kizingiti cha chumba ambamo mtu yeyote analala.